Nipe Mji

*Kwa Oketcho, anayetaka kuficha mikebe ishirini kwa wiki moja*

Ficha mmoja kwanza.
Uufiche, kisha uurudie mvua ikishanyesha,
uufungue mwenyewe, umechuchumaa, matope magotini,
ndipo uniambie habari za ishirini.

Wa kwanza wangu ulikuwa kopo la siagi.
Niliuchomeka ubavuni mwa Mwamba wa Tororo,
nikashuka mjini natembea kama mwenye siri ya serikali.
Mvua za Aprili zikaja. Daftari likawa uji.
Majina ya watu kumi na mmoja, wa Mbale, wa Busia, wa Kisumu,
waliopanda ngazi za chuma hadi viganja vikanuka kutu,
yote yakawa doa moja la buluu
lisilosomeka hata kwa mwenye jina.
Hilo ni deni, Oketcho. Bado nalilipa.

Sasa natumia chupa ya mdomo mpana, yenye mpira shingoni,
penseli, si kalamu,
na kile kifuko cha punje kinachokaa ndani ya viatu vipya;
wauza viatu wa sokoni wananijua, wananiwekea.
Nimeishonea koti la gunia, rangi ya vumbi la saruji,
kwa kuwa Tororo ni rangi hiyo
kuanzia mabati hadi kope za watu.

Simu nayo usiiamini mara moja.
Ukuta wa jiwe huidanganya.
Pima; nenda kanywe chai; rudi, pima tena;
na asubuhi nyingine, pima.
Nyuzi sifuri, dakika arobaini na moja kaskazini, na vipande vyake.
Vipande ndivyo vinavyomtoa mtu jasho.
Akihangaika, ahangaike kwa kuwa umeficha vizuri,
si kwa kuwa umepima vibaya.

Omba ruhusa. Mama Nyafwono, akaangaye karanga ngazi inapoanzia,
anajua chupa ilipo.
Mgeni akimuuliza, huzitazama karanga.
"Hapa kuna mawe tu," husema,
kisha humuuzia za shilingi mia tano.

Dokezo ni kitendawili: kitege kiteguke.
Changu ni hiki: *Jiwe limevaa shati, lina na mfuko.*
Dereva wa lori, siku ya tatu foleni ya Malaba,
alikuja akatafuta saa mbili, akaniandikia:
"Nimeshindwa. Chukua mji. Chukua Mombasa."
Nikamjibu: Nimekwenda Mombasa, nimekula, nimeshiba, nimerudi;
shati halina mfuko gotini, bwana. Tazama kifuani.
Yumo sasa, ukurasa wa nne: Mwakesi,
na mchoro wa lori linalocheka.

Lakini nikuambie na aibu.
Agosti watu watatu waliandika: haipo.
Nikasema hawajui kutafuta.
Nilikuwa na simu kumi na nne za kutengeneza, na mafua, na kiburi.
Wiki ya tano nikapanda. Mfukoni mwa jiwe, mjusi.
Chupa ilikuwa kwa mtoto mchunga mbuzi, Ofwono,
kaijaza kumbikumbi.
Sikumkaripia; yeye ndiye aliyenikaripia bila kujua:
"Ilikuwa chafu, mfuniko umepasuka.
Nilidhani mwenyewe ameitupa."

Nilishuka na neno hilo hadi kibandani
nikafungua simu ya mtu nikasahau ilikuwa na tatizo gani.

Mtu asafiri kilomita mia mbili, apande, aingize mkono gizani
asijue kama ni nyoka au ni zawadi,
halafu aguse kitu ambacho mwenyewe amekitupa?

Kwa hiyo mmoja. Ukiweza kuutunza mwaka,
kiangazi chake na mvua zake, ongeza wa pili.
Jina lako halitakuwa daftarini. Ni la wanaopata.

Jumamosi napanda kubadili karatasi.
Ofwono atakuja; siku hizi ananuka kumbikumbi na anakagua mipira.
Njoo, ubebe maji.
Na penseli. Nataka nikuone ukiichonga.